Nani Analipia Umeme wa Friza?

Jumapili moja mwezi wa pili mwaka wa 2025, dadangu alikuja nyumbani Buruburu na uso wa mtu aliyefiwa. Kwetu anaitwa Daktari, hata na mama aliyemzaa. Anafundisha katika shule ya udaktari ya chuo kikuu kimoja cha umma: asubuhi yuko wodini na wanafunzi, mchana yuko darasani, usiku anaandika maombi ya fedha za utafiti. Mama akammiminia chai. Hakuinywa. Akatoa simu, akanionyesha barua pepe ya mistari minne kutoka kwa mfadhili wa ng'ambo. Mradi umesimamishwa mara moja. Msitumie hata senti. Subirini maelekezo.

"Na wagonjwa?" nikauliza.

"Wamepigiwa simu wasije."

"Na wewe?"

"Mimi nina mshahara wa chuo. Ni wale vijana wa mradi ndio hawana kitu." Akanyamaza kidogo. "Lakini unajua kinachoninyima usingizi? Friza."

Friza yenyewe hukaa kwenye nyuzi 80 chini ya sufuri. Ndani yake mna damu ya watu waliokubali kudungwa sindano, ziara baada ya ziara, kwa miaka mitatu. Stima ikipotea, na huku kwetu stima hupotea, lazima jenereta iwake. Jenereta hunywa dizeli. Dizeli ilikuwa inalipwa na mradi.

Mpaka siku hiyo nilikuwa najua kuhusu utafiti wa tiba kile ambacho wengi wetu tunajua: kuna watu wa koti jeupe, kuna Land Cruiser yenye nembo mlangoni, na kuna pesa za wazungu. Swali la dizeli ndilo lililonifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua ilikuwaje friza ikawa kwetu, damu ikawa yetu, daktari akawa wetu, lakini umeme ukawa wa mtu mwingine.

Pauni 25

Naianzia Mulago, Kampala. Kwa miongo kadhaa, Mkenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alikwenda Makerere. Nairobi haikuwa na shule ya udaktari hadi 1967. Madaktari wengi wa kizazi cha kwanza wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa kwenye madawati hayo hayo na kuzunguka wodi hizo hizo za Mulago.

Mwaka wa 1957, katika hospitali hiyo, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje amtazame mtoto mmoja. Mwenzake huyo aliitwa Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine nje mwenye uso ule ule. Kumbe watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Madaktari walikuwa wakiwaona mmoja mmoja, kila mtu hospitali yake, bila kuwaunganisha.

Mwaka wa 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo. Kisha akataka kujua: unapatikana sehemu zipi za Afrika, na wapi haupo? Akaomba pesa serikalini. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25. Umesoma sawasawa, ishirini na tano. Alizitumia kuchapisha vikaratasi vyenye picha za wagonjwa na maswali, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni sehemu mbalimbali za bara: je, umewahi kuona hii? Majibu yalipofika akaanza kuyaweka kwenye ramani.

Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye Ford kuukuu na kuendesha kwa wiki kumi, karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza swali lile lile hospitali baada ya hospitali. Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua. Palipokuwa na malaria nyingi, ulikuwepo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, haukuonekana.

Machi ya mwaka huo huo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliokaa kusikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akiwinda virusi vya saratani. Tangu hapo, vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapakiwa kwenye ndege kwenda London. Epstein akapata ruzuku ya dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na kwa pesa hizo akaweza kuajiri watu wa kumsaidia. Mwaka wa 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hebu tupige hesabu. Zama hizo pauni moja ilikuwa kama dola 2.80, kwa hivyo pauni 25 ni dola 70. Ruzuku ya London ilikuwa zaidi ya mara mia sita ya ile ya Kampala. Simlaumu Epstein, maana darubini ya elektroni hainunuliwi kwa pauni 25. Ninachokitazama ni njia. Mtoto yuko Mulago, kipande cha mwili wake kiko London, pesa zinatoka Marekani. Ugonjwa una jina la Mwairishi, kirusi kina majina ya watu wawili wa London. Wauguzi waliowashika watoto wale wakitolewa damu, makarani walioandika faili, mama waliosema ndiyo: hao hawamo katika jina lolote.

Wageni walipoondoka

Mwaka wa 1967 Nairobi ilipata shule yake ya udaktari. Mwaka huo huo, kule Mulago, kituo cha kutibu saratani hiyo ya taya kilifunguliwa kwa ushirikiano wa Makerere na ile taasisi ya Marekani. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler, aliletwa kukiongoza. Hapo ndipo ilipoonyeshwa kwamba watoto wengi wenye uvimbe ule wangeweza kupona kwa dawa. Wakati huo, kumponya mtu saratani kwa dawa peke yake lilikuwa jambo ambalo madaktari wengi duniani hawakuliamini.

Kisha siasa zikaingia. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na Wamarekani wa taasisi ile nao wakaondoka. Aliyebaki na funguo ni daktari Mganda, Charles Olweny, ambaye tayari alikuwa akifanya kazi hapo. Aliiongoza taasisi katika miaka ambayo wasomi wengi wa Makerere walikuwa wanakimbia nchi au kupotea. Baadaye yeye pia alifanya kazi ng'ambo, kisha akarudi na kuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs.

Taasisi ile iko wazi hadi leo. Nimeifikiria sana sehemu hii kuliko zote. Pesa ziliondoka na watu wake, lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeshafunzwa, mwenye cheo, anayejua dawa ziko wapi na mgonjwa yupi amefika wiki ya ngapi. Ukimfunza mtu na ukampa kiti, barua ya kusimamisha kazi haiwezi kumfuta. Vifaa vinaharibika. Mtu hubaki, mradi awe na sababu ya kubaki.

Nilimsimulia dadangu. Hakuguswa kama nilivyotarajia. "Na mshahara wake ulikuwa unalipwa na nani?" akauliza. Ndivyo walivyo watu wa kazi hii. Kila hadithi wanaigeuza na kuangalia nyuma yake kama ina bajeti.

Majengo

Sasa turudi Nairobi. Ukitoka Gikomba kwa miguu kuelekea Pumwani utafika Majengo, mtaa ambao kitongoji chake ni kidogo lakini jina lake liko katika majarida makubwa ya tiba duniani.

Mwaka wa 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu magonjwa ya zinaa. Wakafika kwa wanawake wa Majengo waliokuwa wakiuza ngono. Kuwafikia si jambo lililotokea lenyewe. Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa, alikaa na wanawake wale, akawasaidia kujipanga, akawazungumzia kama watu. Damu ilipopimwa mwaka wa 1985, karibu theluthi mbili yao walikuwa na virusi vya Ukimwi. Miaka ikapita, na watafiti wakaona jambo la ajabu: wachache kati yao, waliokutana na virusi tena na tena, hawakuambukizwa. Miili yao ilikuwa inajua kitu.

Watafiti wa Oxford wakajiunga. Kutokana na kinga ya wanawake wale likazaliwa wazo la chanjo. Upande wa Nairobi uliongozwa na Profesa Job Bwayo. Kisha, mwaka wa 2000, ikajulikana kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwataja Wakenya. Magazeti yakachemka. Mambo yakajadiliwa upya hadi Nairobi ikatambuliwa kuwa mmiliki mwenza, na majaribio ya chanjo yakaanza hapa mwaka wa 2001.

Chanjo yenyewe haikufua dafu. Kufikia 2004 ilishaonekana kwamba haiamshi kinga ya kutosha. Kwa hivyo vita vile vyote vilikuwa vya umiliki wa kitu ambacho hakikumkinga mtu. Lakini havikuwa bure. Nairobi ilibakiwa na maabara, na wanasayansi waliojua kuendesha majaribio ya chanjo kwa viwango vya kimataifa. Pia ilibakiwa na somo ambalo wahadhiri wa leo hufundishana kwenye korido: kabla sampuli haijapanda ndege, soma mkataba.

Somo hilo lina upande wake wa ndani. Kuna madaktari sita Wakenya walioishtaki KEMRI wakidai kwamba katika mradi wa Kilifi, unaoendeshwa pamoja na wafadhili wa Uingereza, watafiti wenzao wageni walipewa nafasi na ngazi ambazo wao walinyimwa. Mwaka wa 2014 mahakama ya kazi iliwapa ushindi na fidia. Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikasema hawakuthibitisha ubaguzi. Kisheria, kesi imekwisha. Ila ukikaa na madaktari wa rika la dadangu jioni, baada ya nyama na soda, mazungumzo hufika hapo hapo. Nani jina lake linatangulia kwenye makala? Nani anaitwa mtafiti mkuu, na nani anaitwa mratibu wa nyanjani? Hayo ndiyo yanayoamua nani atapandishwa cheo na kuwa profesa, na nani atastaafu akiwa mhadhiri aliyewasaidia watu wengi.

Asilimia 8

Tuseme ukweli, pesa za nje zimejenga mengi. Mwaka wa 2010 Marekani ilianzisha mpango wa dola milioni 130 kwa miaka mitano kwa ajili ya shule za udaktari za Afrika, na Nairobi ikawa mojawapo ya vyuo vilivyopata. Tangu 2008, muungano wa vyuo unaoitwa CARTA, wenye makao Nairobi, umekuwa ukiwafunza wahadhiri wa Kiafrika hadi shahada ya uzamivu. Dadangu mwenyewe alisomeshwa uzamivu na mfadhili wa nje, na hana haya kusema hivyo.

Lakini kuna namba moja ambayo nilipoielewa nilihisi nimepigwa kofi. Kila ruzuku ya utafiti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama za kazi yenyewe: vipimo, mishahara ya mradi, nauli ya wagonjwa. Ya pili ni pesa za kuendeshea nyumba ambamo kazi hiyo inafanyika: umeme, mlinzi, mhasibu, intaneti, paa lisivuje. Kwa ruzuku za NIH, mfuko mkubwa wa utafiti wa tiba wa serikali ya Marekani, vyuo vya Marekani vimekuwa vikipata sehemu hiyo ya pili kwa wastani wa asilimia 27 hivi, na vingine zaidi ya 60. Chuo kilicho nje ya Marekani kikomo chake ni asilimia 8.

Asilimia nane. Ndani ya hiyo uweke umeme, mlinzi, mhasibu na jenereta.

Februari 2025, utawala mpya wa Marekani ulitangaza kwamba vyuo vyao wenyewe vitashushwa hadi asilimia 15. Kukawa na kilio. Wakuu wa vyuo wakasema maabara zitafungwa, wakaenda mahakamani, na mahakama ikazuia. Walikuwa na haki ya kulia. Ila nilicheka peke yangu kwenye matatu, kicheko kibaya, kwa sababu kiwango ambacho wao walikiita kifo kilikuwa karibu mara mbili ya kile ambacho sisi tumekuwa tukiishi nacho na kukiita bahati.

Sasa ndio nikaelewa friza. Mradi ulikuwa umenunua friza. Haukuwahi kununua nyumba inayoweza kuiwasha bila mradi. Chuo hakikuwahi kuweka kando pesa za kuilinda, kwa sababu pesa hizo hazikuwepo. Kila mradi ulipoisha, mradi mwingine ulikuja na kubeba dizeli, na tukadhani huo ni mfumo.

Tarehe 1 Mei 2025 NIH ikatangaza tena kwamba haitatoa ruzuku zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje hadi itakapoweka utaratibu mpya. Hiyo ndiyo njia ambayo sehemu kubwa ya ushirikiano na vyuo vyetu imekuwa ikipitia. Kwa daktari kijana aliyemaliza uzamivu na kusubiri ruzuku yake ya kwanza, tangazo la aya chache linaweza kuwa miaka mitatu ya maisha.

Asilimia 2

Ningeweza kuishia hapo, nimelaumu Washington, nikalala vizuri. Lakini kuna namba nyingine, na hii ni yetu.

Mwaka wa 1980, viongozi wa Afrika walikutana Lagos na kukubaliana kwamba nchi zielekee kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na utafiti. Mwaka wa 2013, Kenya ilipita hapo. Bunge letu lilitunga sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ikaunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, na ikaandika kwamba kila mwaka wa fedha serikali itaitilia asilimia 2 ya pato la taifa. Hiyo ni sheria, iko kwenye vitabu, haijafutwa.

Mwaka wa 2023 uchumi wetu ulikuwa wa zaidi ya shilingi trilioni 15. Asilimia 2 yake ni bilioni 300 na ushee. Hazina hiyo haijawahi kukaribia kiasi hicho hata kwa mbali. Sisemi kesho tutoe bilioni 300 wakati hospitali za kaunti hazina glavu. Hata mimi nina mama anayetumia hospitali hizo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyetulazimisha kuandika ile namba. Tuliiandika wenyewe, tukapiga makofi, kisha tukarudi kusubiri barua pepe.

Na kusubiri kuna gharama yake. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Ndiyo maana una wataalamu wa Ukimwi na malaria waliobobea, lakini ukiuliza nani anasomea kuumwa na nyoka Baringo, utapewa majina machache sana. Daktari kijana hachagui ugonjwa unaoua watu wa kwao. Anachagua ugonjwa wenye tangazo la ruzuku, kwa sababu pasipo ruzuku hakuna makala, na pasipo makala hakuna kupandishwa cheo. Burkitt kwa pauni zake 25 angalau aliuliza swali lililoanzia kwenye wodi yake mwenyewe.

Kikundi cha WhatsApp

Mwezi wa tatu dadangu na wenzake walifungua kikundi cha WhatsApp. Jina lake ni Friza. Wahadhiri, mafundi wa maabara, hata wanafunzi wawili wa uzamili. Kila mwezi wanachanga kupitia M-Pesa, mweka hazina anatuma orodha, na asiyechanga anakumbushwa kwa upole kama ilivyo kwenye matanga. Mama alipewa habari, akatoa mia tano, kisha akauliza kama kuna nyama humo ndani. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Nilimwuliza kwa nini wasiiache tu izimike. Akanieleza kuhusu mzee mmoja aliyekuwa akifika kliniki kila miezi mitatu, safari ya matatu mbili, na kila mara anakunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Siku ya mwisho aliuliza majibu yatatoka lini. Dadangu alimwambia yatatoka.

"Nilimwahidi," akasema. "Si mfadhili aliyemwahidi."

Usiku huo alibaki kwetu. Nilipoamka saa nane kunywa maji, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka na yeye alikuwa amekaa mbele ya tarakilishi, anajaza fomu ya ruzuku ya watafiti wachanga. Mfadhili alitaka barua ya mkuu wa kitivo ikithibitisha kwamba asilimia 75 ya muda wa mtafiti itakuwa ya utafiti tu. Alikuwa na mtihani wa darasa zima wa kusahihisha pembeni, na zamu ya wodi saa moja asubuhi.

"Utaandika nini hapo?" nikamwuliza.

"Asilimia 75," akasema, akaendelea kuchapa.